Mji wa Ozu, Bata wa Mama na Kona ya Isiukhu

Nilimfunga bata wa mama kamba shingoni nikamtia mtoni avue samaki. Basi. Nimesema mwenyewe kabla Hamisi hajawasimulia, kwa sababu Hamisi akisimulia hadithi hii ananiongezeanga machozi ambayo sikulia. Yale niliyolia yananitosha.

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, mnaandikiwa na mstaafu. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Mwalimu mkuu amesema sisi wa Kidato cha Nne tuachie shughuli zote za vyama tukazane na mtihani, kwa hiyo ufunguo wa Chumba cha Jiografia unakuja kwenu, pamoja na fimbo ya kuonyeshea, kitambaa cha vumbi, na mji mzima wa Japani ulio juu ya meza. Nimewatembeza watu katika mji huo miaka mitatu na sijawahi kuukanyaga. Hata Kisumu nimefika mara mbili tu, na mara moja nilikuwa nimelala.

Mji wenyewe unaitwa Ozu. Bi Mmbone, mwalimu wetu wa Jiografia, alipelekwa huko kwa mafunzo alipokuwa bado mwalimu mchanga, akarudi Kakamega na picha nyingi na ugonjwa wa kuupenda ule mji ambao haujapata dawa. Yeye na fundi wa mbao wa shule waliuunda upya: milima ya magazeti na gundi, mto wa kioo kilichopakwa rangi chini, ngome ya vipande vya kreti, na watu wa udongo wakubwa kama punje za mahindi. Wahesabuni mkikabidhiwa. Wavuvi watatu, ndege weusi sita, mtawala mmoja dirishani mwa ngome, wazee wanne wanaokula nduma ukingoni. Mzee mmoja hana kichwa. Hilo si kosa langu, nilimrithi hivyo.

Sasa nisikilizeni, kwa maana Bi Mmbone hafundishi kazi hii kwa maneno. Anasimama nyuma ya mlango anasikiliza. Viatu vyake havitoi sauti. Mwalimu mwingine yeyote unamsikia akiwa bado ofisini, lakini huyu utajua amefika ukiona wageni wameacha kukutazama wewe na wanatazama nyuma yako.

Jambo la kwanza: msianze na Japani. Mimi nilianza na Japani mwaka mzima na watu walikuwa wanapiga miayo mpaka naona chakula cha mchana walichokula. Anzeni na Isiukhu, mto wetu. Ulizeni, "Nani hapa amewahi kuona Isiukhu ikiwa imejaa?" Mikono yote itapanda, kila mtu ana hadithi. Ndipo mseme, taratibu, kwamba kuna watu mbali sana, kwenye kisiwa kiitwacho Shikoku, ambao nao wana mto wao, Hiji, unaopita katikati ya mji wao, na wao pia wakiona mvua wanaamka kwenda kuuangalia. Hapo mmewapata. Mtu akishajua kwamba wenzake wanaogopa kitu anachokiogopa yeye, anawasikiliza.

La pili: ukungu. Asubuhi za baridi ukungu unajaa katika bonde la Ozu kama uji kwenye sufuria, halafu unapata upenyo, unateremka na mto kwa upepo mkali hadi baharini. Watu wanaamka mapema kwenda kuutazama. Mimi nikaona maneno hayatoshi. Siku ya wazazi nikaweka majani mabichi kwenye kopo, nikayawasha chini ya meza. Ukungu ulikuja kweli. Ulikuja mpaka baba mmoja akaanza kuwatoa watoto kupitia dirishani. Nilipofumbua macho, Bi Mmbone alikuwa amesimama palepale katikati ya moshi kama mtu aliyetumwa kutoka kuzimu.

"Shiundu," akasema, "hii ni hali gani ya hewa?"

"Ukungu, mwalimu."

"Basi kaa humo uufanyie uchunguzi."

Nikafungiwa na ukungu wangu mpaka ukaisha. Kwa hiyo ukungu waambieni kwa mdomo tu.

Ngome nayo msiipite haraka. Ile ya zamani ilibomolewa wakati watu walipoona haina kazi tena. Wajukuu zao wakajuta. Wakaijenga upya, ghorofa nne, kwa mbao, wakifuata picha za zamani na kielelezo kidogo cha mbao ambacho kilikuwa kimehifadhiwa. Hapo Bi Mmbone anapenda kuingilia. "Mnaona? Aliyetunza kielelezo ndiye aliyeokoa ngome. Shiundu, pangusa vumbi."

Halafu kuna nyumba iliyojengwa juu ya ukingo, mahali maji ni mengi, ambayo nguzo yake moja ni mti ulio hai. Mzee mmoja kutoka Chekalini aliniuliza, "Kijana, na huo mti ukikua, paa linapanda?"

Sikuwa najua. Lakini mimi ni mtu ambaye kunyamaza kunamuwasha. Nikamwambia, "Linapanda, mzee. Kila baada ya miaka kadhaa wanaongeza ngazi moja mlangoni." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Wageni wakaacha kunitazama. Nikageuka polepole.

Bi Mmbone alingoja waondoke wote. Akaniambia jambo ambalo ameliandika pia ndani ya jalada la daftari la wageni, mtaliona: *Usilolijua, sema sijui. Kisha nenda ukatafute.* Akaongeza kwa mdomo, bila hasira, na ndiyo sababu nikaogopa: "Siku moja mtu ataamini neno lako na kufanya kitu. Na mtu huyo anaweza kuwa wewe."

Nilicheka. Baada ya yeye kwenda, lakini nilicheka.

Lazima niwaambie kuhusu mama yangu na Isiukhu, la sivyo mtadhani hadithi hii ni ya bata.

Shamba letu linateremka mpaka karibu na mto. Mama analima mboga, mrenda, saga na kunde, anapeleka sokoni Kakamega. Kabla sijazaliwa alikuwa na kaka mmoja, mjomba Ambani, ambaye alivuka mto siku ya mvua akiwa na jembe begani. Jembe lilipatikana. Tangu siku hiyo mama havuki daraja bila kushika kitu, hata kama kitu hicho ni shati la mtu asiyemjua. Na mimi sikufundishwa kuogelea. Nikiwa mdogo niliuliza kwa nini, akaniambia, "Anayejua kuogelea anaingianga mtoni." Sheria ya nyumbani ilikuwa moja: mto unatazamwa.

Basi, wale ndege. Ozu wakati wa joto wavuvi hutoka na mashua wakiwa na minandi, ndege weusi wa majini. Kila ndege ana kamba, na shingoni amefungwa kiasi kwamba samaki mdogo anapita lakini mkubwa hapiti. Ndege anazama, anashika, anavutwa, anamtema samaki. Mtu hujifunza kufunga ile kamba kwa miaka mingi, maana ukikaza umeua ndege na ukilegeza umemlisha bure. Hayo yote niliyajua. Niliyasema kila Jumatano kwa miaka miwili.

Hamisi, rafiki yangu wa Mumias anayekaa kwa shangazi yake hapa mjini, alikuwa ameyasikia mpaka yamemchosha.

"Balozi," akasema. Hilo ndilo jina aliloniita, kwa kunidharau. "Hiyo ya ndege ni uongo. Ndege ashike samaki mkubwa, akuletee wewe? Hata paka wetu hawezi, na yeye ni Mwislamu."

"Si uongo."

"Umeona?"

Hapa ndipo ningesema sijaona. Shule ya msingi moja ilikuwa ije Jumatano kututembelea, na nilikuwa nimeshawaza jinsi ningewaonyesha kitu ambacho hakuna mwongozaji yeyote wa chumba kile amewahi kuonyesha. Nikamwambia, "Kuja na simu ya shangazi Jumamosi. Nitakuonyesha wewe, na utapiga video."

Mama alikuwa na bata dume mmoja mnene tuliyemwita Chifu, kwa sababu anatembea tumbo likiwa mbele na hasalimu mtu. Bata si mnandi. Bata havui samaki, anachokonoa matope. Nilijua hilo pia. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kujua vitu vingi na asisaidike?

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, wa kweli huu, hadi huoni mti ulio mbele yako mpaka ukuguse. Mama alikuwa juu shambani akichuma mrenda. Nilisikia mashina yakikatika, tak, tak. Tulimpitisha Chifu chini ya sweta yangu, akiguna, Hamisi akicheka kwa pua.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha juu, upande wa msitu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yalipita mapovu na majani mabichi. Andikeni hili kwenye viganja vyenu: majani makavu ni ya jana, majani mabichi na mapovu maana yake mto unapanda sasa hivi. Bi Mmbone alitufundisha. Nilipata alama zote kwenye swali hilo.

"Balozi, maji yamekasirika," Hamisi akasema. Hakuwa anacheka tena.

"Anza kupiga."

Nilimfunga Chifu kwa fundo lile ninalofungia gunia la mahindi, kwa kamba ya nailoni. Ili asinitoroke, mwisho wa pili nikaufunga kwenye mkono wangu wa kushoto, mizunguko mitatu. Mvuvi wa Ozu anashika kamba kwa vidole ili aweze kuiachilia. Mimi nilijifunga.

Chifu aliteremka majini kwa heshima zake, akaelea, akatutazama kama watu tulioharibikiwa. Ndipo gogo likatoka kwenye ukungu. Halikuja kwa kelele. Lilikuja tu, refu, jeusi, likapita kati ya bata na mimi, likabeba kamba katikati. Upande wa Chifu ukakatika. Upande wangu haukukatika.

Nilikumbuka kusema "Hamisi" na neno likajaa maji.

Siwezi kuwapa mpangilio wa mambo ya ndani ya maji kwa sababu hayana mpangilio. Kuna baridi inayoingia masikioni na kugonga. Kuna kutokujua juu ni wapi. Mkono wangu ulikuwa unakwenda na gogo na mimi nilikuwa nikiufuata kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Niliibuka, nikaona weupe mtupu, nikazama. Niliwaza kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa jembe. Nilijiuliza, mimi watapata nini? Sweta?

Gogo liligonga jiwe, likageuka, kamba ikateleza na kuondoka na ngozi yangu. Kovu lipo, nikija kuwakabidhi ufunguo nitawaonyesha. Nikawa huru, na kuwa huru ndani ya mto unaojaa bila kujua kuogelea si habari njema.

Wakati huohuo nilisikia sauti ikisema kwa ule mtindo wa kukariri, wa kuchosha, wa kila Jumatano: *Kwenye kona ya mto, maji ya upande wa nje hukimbia na kuchimba. Maji ya upande wa ndani hutembea, na huacha mchanga. Ndiyo maana, ndugu wageni, ngome imekaa juu pale upande wa kina, na wazee wa nduma wamekaa huku.* Ilikuwa sauti yangu. Na nilijua chini ya shamba letu Isiukhu inapiga kona, na kwamba upande wa ndani ni ule wa kwetu, wa kulia. Sikuogelea. Nilipiga teke kama punda, upande wa kulia, kila nilipopata mguu. Kulia, kulia. Maji yalinivuta nje, nami nikapiga teke ndani. Kisha goti likagusa kitu kinachokwaruza, na kitu hicho kilikuwa mchanga, na sijawahi kupenda kitu chochote hivyo, hata chapati.

Nikajikokota juu. Nikalala pale natapika Isiukhu.

Sasa linakuja lile ambalo Hamisi hawezi kuwasimulia kwa sababu halijui. Hamisi alikuwa ameitupa simu kwenye nyasi na kukimbia mlimani akipiga kelele kwamba Shiundu amechukuliwa na mto. Mama alimsikia. Nilimsikia mama akiteremka, mimea ikivunjika, ule mrenda anaoupalilia kwa vidole, akiukanyaga. Akafika ukingoni, juu kidogo ya mahali nilipokuwa. Ukungu ulitutenga. Angepiga hatua thelathini angenikanyaga.

"Shiundu!" akaita. "Shiundu wee!"

Na mimi nikanyamaza.

Nilikuwa hai, pumzi imerudi, mdomo unaweza kusema, na nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kuchapwa. Nilikuwa nimevunja sheria moja tu ya nyumba yetu, na bata wake amekwenda na maji. Nikawaza, acha kwanza hasira ipungue. Nikalala kimya kwenye mchanga kwa muda wa kumenya nduma moja, nikisikiliza mama yangu ananiita. Nimefanya mambo mengi ya upuuzi na mengi nayacheka. Hili silicheki.

Kisha sauti yake ikabadilika. Ilishuka chini, ikawa kama ya mtu anayeongea na jirani kupitia ua.

"Ambani," akasema. "Ambani, ndugu yangu. Huyo ni wangu. Mwachilie."

Akangoja jibu.

"Ambani, wewe nilikuachia mto, sikudai. Huyo mrudishe, tafadhali. Yeye ni mjinga tu."

Nikasikia maji yakigawanyika. Mama, ambaye havuki daraja bila kushika shati la mtu, alikuwa anaingia.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, usiingie! Niko hapa! Niko mchangani!"

Alikuja kwa kufuata sauti, sketi ikiwa imelowa hadi kiunoni, majani ya mrenda bado yako mkononi, hakuyaachilia. Akanitazama. Nilifunika kichwa kwa mikono kungoja kofi la kwanza. Halikuja. Alinishika kwenye kifundo cha mkono, juu kabisa ya kidonda, akanivuta mpaka nyumbani. Tulipofika uani tulimkuta Chifu amesimama mlangoni, akiburura kipande cha kamba, kama shahidi aliyewahi mahakamani na ushahidi wake. Mama alipiga magoti akalifungua lile fundo. Lilikuwa limekaza kwa maji, ikamchukua muda mrefu. Mimi sikuthubutu kusaidia.

Siku hiyo hakusema kitu. Jumapili alisema "kula." Jumatatu alisema "kula." Angenichapa ningepona. Usiku nilikuwa naamka namkuta amesimama mlangoni pangu na kibatari, hatikisiki, anahesabu pumzi zangu.

Jumatatu hiyo nilikwenda kwa Bi Mmbone mwenyewe, kabla hajanifikia kwa vile viatu. Nikamwambia yote, hata ile ya kunyamaza. Hakuna mtu mwingine niliyewahi kumwambia mpaka leo nikiwaandikia nyinyi. Aliutazama mkono wangu muda mrefu. Nilitarajia kunyang'anywa ufunguo.

"Jumatano asubuhi, kabla ya watoto kuja," akasema, "utamtembeza mgeni mmoja. Nimeshamtumia ujumbe."

Mgeni alikuwa mama. Alikuja na gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akaandika jina lake kwenye daftari la wageni kwa herufi kubwa. Wadogo zangu, nimetembeza machifu, mapadri, na watu wa kaunti waliokuja na dereva. Sijawahi kumwogopa mgeni vile.

Sikusema uongo hata mmoja. Nilianza na Isiukhu, kwa sababu ndiyo njia niijuayo, lakini sikumaliza swali, nikarukia ngome. Nikamwonyesha ukungu unakopita. Nikamwonyesha wavuvi na ndege zao, nikasema kamba inashikwa kwa vidole. Nikamwonyesha ile nyumba yenye nguzo hai. Akauliza, "Mti ukikua?" Nikasema, "Sijui, mama." Nyuma ya mlango kitu kikapumua. Nikamwonyesha wazee wanakula nduma na kuku kando ya maji wakati joto limepungua, akainama akasema, "Huyu hana kichwa," nami nikasema ndivyo nilivyomkuta. Mwisho nikafika kwenye kona. Nikaweka ncha ya fimbo upande wa ndani.

"Huku ndiko maji yanaacha mchanga," nikasema. "Huku ndiko mtu anatokea."

Mama alinyoosha kidole chake, kile chenye ufa wa jembe, akakipitisha juu ya kioo kufuata mto wote, kutoka milimani mpaka baharini, polepole, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Akaurudia. Kidole kikasimama kwenye kona, juu ya ule mchanga. Kisha akasema hivi:

"Mji wote huu, na mto wote huu, na hamkuweka mama hata mmoja ukingoni? Weka mmoja hapa. Na umpe fimbo."